Maswali Yenu: Kapteni Boelcke na Mkanda Ambao Haukufungwa

Mwezi uliopita, nikijibu swali kuhusu ndege za zamani, nilitaja kwa mstari mmoja tu jina la Oswald Boelcke, rubani Mjerumani wa Vita vya Kwanza vya Dunia, nikasema ndiye aliyewafundisha wenzake kupigana angani, akawaandikia na sheria. Mstari huo mmoja umeniletea barua nyingi kuliko yote niliyoandika mwaka huu. Nimefurahi mno, maana ni mtu ninayemfikiria tangu nilipokuwa fundi kijana wa ndege. Leo safu nzima ni yake.

SWALI: Shikamoo mzee. Kila ninaposoma habari za vita vile nakutana na Richthofen, yule Baroni Mwekundu. Boelcke simkuti. Alikuwa nani, na alianzia wapi? (Mwanafunzi wa kidato cha nne)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Humkuti kwa sababu watu huhesabu ndege zilizotunguliwa, na Richthofen alitungua 80, mara mbili ya zile 40 za Boelcke. Lakini siku Boelcke alipomchukua kikosini, Richthofen hakuwa na ushindi hata mmoja ulioandikwa kwa jina lake.

Boelcke alizaliwa tarehe 19 Mei 1891 huko Giebichenstein, karibu na Halle, akakulia mjini Dessau. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule, nami naamini ualimu ule ulimwingia damuni. Utotoni alipata kifaduro kibaya kilichomwachia kifua cha kubanabana, naye akapambana nacho kwa kuogelea na kupanda milima. Alipokuwa na miaka 13 alishika kalamu akamwandikia Kaizari, mfalme mkuu wa Ujerumani, moja kwa moja, akiomba nafasi katika shule ya kijeshi. Akakubaliwa! Wazazi ndio waliokataa. Basi akamaliza masomo kwanza, na mwaka 1911 akaingia jeshini katika kikosi cha telegrafu huko Koblenz. Katika kazi hiyo akawa anaziona ndege zikiruka, na moyo wake ukahamia huko. Katikati ya mwaka 1914 alipelekwa shule ya urubani ya Halberstadt, akafaulu mtihani wa mwisho tarehe 15 Agosti, vita ikiwa na majuma mawili tu.

Hapo nakuomba uondoe kichwani picha ya ndege mbili zinazofyatuliana risasi. Mwanzoni mwa vita rubani wa kivita hakuwepo. Kilichokuwepo ni jicho la jeshi: rubani anaendesha, na mwenzake anatazama chini, anachora mahali mizinga ya adui ilipofichwa. Boelcke alikuwa akimbeba kaka yake mwenyewe, Wilhelm, aliyekuwa mtazamaji. Ndugu hao wawili waliruka pamoja sana hata ikaleta manung'uniko kikosini, na mwaka 1915 Oswald akahamia kikosi kingine, kilichokuwa Douai, kaskazini mwa Ufaransa.

Huko ndiko mambo yalikobadilika. Alipewa ndege ya watu wawili aina ya LVG, yenye bunduki ya rashasha kwenye kiti cha nyuma. Tarehe 4 Julai 1915 aliifukuza ndege ya Kifaransa aina ya Morane mpaka mtazamaji wake, Luteni von Wühlisch, alipoitungua. Kwa hiyo ushindi wa kwanza wa Boelcke ulifyatuliwa na kidole cha mtu mwingine. Yeye alichokifanya ni kuiweka ndege mahali pake, akaishikilia hapo. Kumbuka jambo hilo tutakapofika kwenye sheria zake.

Muda si mrefu akapewa Fokker ya kiti kimoja, na tangu hapo akaruka peke yake. Katika kikosi hicho hicho alikuwepo Max Immelmann, na wawili hao wakawa wanakwenda bega kwa bega: huyu akiongeza, yule anamfikia. Tarehe 12 Januari 1916 wote wawili, kila mmoja akiwa na ushindi wa 8, walipewa Pour le Mérite, nishani kubwa kabisa ya ushujaa vitani ya Prussia, ufalme mkuu ndani ya Ujerumani. Walikuwa marubani wa kwanza kuivaa. Mwezi Mei, akiwa na umri wa miaka 25, Boelcke akapandishwa cheo kuwa kapteni. Tarehe 18 Juni Immelmann akafa, na Kaizari, akiogopa kupoteza wote wawili, akaamuru Boelcke asiruke tena vitani kwa muda. Wakamtuma ziarani kuelekea kusini mashariki hadi Uturuki. Alipokuwa njiani kurudi ndipo alipoitwa aunde kikosi chake mwenyewe.

SWALI: Mzee, mimi nasomea ufundi wa mitambo. Naona picha za ile Fokker, bunduki imewekwa nyuma ya pangaboi. Risasi zilipitaje bila kulikata? (Mwanafunzi wa chuo cha ufundi)

JIBU: Swali hili ningelijibu siku nzima, kijana wangu, ila nitajizuia.

Wengi hudhani bunduki ilikuwa inapiga yenyewe, halafu kitu fulani kinaizuia kila pangaboi linapopita. Ligeuze wazo hilo. Injini ndiyo iliyokuwa ikifyatua bunduki. Kwenye sehemu inayozunguka pamoja na injini palifungwa kisahani chenye nundu. Nundu ikifika mahali pake inasukuma ufito, ufito unakwenda mpaka kwenye bunduki na kuifyatua. Nundu imewekwa mahali ambapo, wakati inasukuma, jani la pangaboi limekwisha kupita mbele ya mtutu. Rubani akibonyeza kitufe anaunganisha tu ufito na bunduki. Kazi iliyobaki ni ya injini.

Sasa piga hesabu. Pangaboi lile lilikuwa na majani mawili. Tuseme linazunguka mara 1,200 kwa dakika: basi jani linapita mbele ya mtutu mara 40 kila sekunde. Risasi lazima ipenye katikati ya jani na jani, na isikosee hata mara moja. Ufito ukilegea kidogo, au kisahani kikisogea unene wa ukucha, rubani anajikatia pangaboi lake mwenyewe akiwa juu. Ilitokea. Immelmann alipokufa, maelezo ya upande wa Ujerumani yalikuwa kwamba ni mtambo huu huu uliokosea mpigo, ingawa Waingereza waliandika kwamba wao ndio waliomtungua.

Kabla ya hapo Mfaransa Roland Garros alikuwa amefunga vipande vya chuma kwenye majani ya pangaboi lake ili risasi zitakazoligonga ziteleze pembeni. Alishinda mara kadhaa kwa mbinu hiyo, kisha Aprili 1915 akalazimika kutua upande wa Wajerumani, na ndege yake ikakamatwa. Majuma machache baadaye watu wa Anthony Fokker, mtengenezaji wa ndege hizo, wakatoka na mtambo wa nundu na ufito.

Na usidhani ile Fokker ilikuwa ndege nyepesi kuendesha. Injini yenyewe, mitungi yote, ilizunguka pamoja na pangaboi, na ililainishwa kwa mafuta ya mbarika yaliyokuwa yakirushwa nje na kumrudia rubani usoni. Bawa halikuwa na vile vipande vya nyuma vinavyopanda na kushuka kama kwenye ndege za leo. Ili kupinda, waya zilivuta bawa zima likajisokota. Ndani ya chombo kama hicho, katika baridi ya juu, ndimo Boelcke alimokaa akifikiri. Hilo la kufikiri ndilo linalonishangaza hadi leo.

SWALI: Mzee, naheshimu maandishi yako, lakini nimekwazika. Mtu aliyetungua ndege 40 aliua watoto wa watu. Mbona unamwandika kwa mapenzi? (Mama wa watoto watatu)

JIBU: Mama, hukukosea kukwazika. Katika ndege hizo 40 walikuwemo vijana wa miaka 19 na 20, na wengi hawakurudi. Sitakupunguzia uzito huo.

Ninachoweza ni kukupa habari mbili, kisha utapima mwenyewe. Tarehe 28 Agosti 1915, huko Douai, mji uliokuwa mikononi mwa Wajerumani, mtoto wa Kifaransa wa miaka 14 alitumbukia katika mfereji mkubwa karibu na mahali maofisa walipokuwa wakila. Boelcke alimwona akizama, akajitosa majini na nguo zake, akamtoa. Wazazi wa mtoto walitaka Ufaransa impe nishani. Haikuwezekana, maana alikuwa adui. Jeshi lake likampa nishani ya kuokoa maisha.

Habari ya pili ni ya Septemba 2, 1916. Alimtungua Kapteni Wilson wa Uingereza, ndege ikawaka moto, Wilson akafika chini akiwa hai. Boelcke akamwomba kwa waliomkamata, akamleta kikosini, wakanywa kahawa pamoja, akamtembeza kiwanjani kabla hajapelekwa kambi ya mateka.

Sikupi habari hizi ili zifute zile 40. Nampenda mtu huyu kwa sababu alipokuwa na nafasi ya kutomuua mtu, aliitumia. Vijana aliowafundisha nao walikuwa watoto wa watu, na alichowafundisha, zaidi ya kushinda, ni kurudi.

SWALI: Umesema aliwaandikia marubani sheria. Zilisemaje, na zilisaidia? (Msomaji wa siku nyingi)

JIBU: Ndugu yangu, hapa ndipo kiini cha maisha yake.

Kabla hajaondoka kwenda ziarani mwaka 1916 aliwaandikia wakubwa wake mambo aliyoyaona. Zikajulikana kama sheria za Boelcke. Ni mistari michache tu, na kila mmoja unanuka jasho la mtu aliyeyapitia. Anasema jipatie nafasi nzuri kabla ya kushambulia, na ikiwezekana liweke jua mgongoni mwako, adui asikuone. Ukishaanza usiache katikati. Usifyatue ukiwa mbali: subiri ukaribie, na umwone adui sawasawa katika shabaha. Usimwachie macho, wala usidanganyike na anayejifanya ameanguka. Mwendee kutoka nyuma. Akikujia kutoka juu usikimbie, geuka umkabili. Ukiwa juu ya ardhi yake, usisahau njia ya kurudi.

Leo maneno haya yanaonekana kama jambo la kawaida. Wakati ule marubani wengi walikuwa wakijifunza haya kwa kufa. Hakuna aliyekaa chini akauliza: kwa nini huyu amerudi na yule hakurudi? Boelcke aliuliza. Alikuwa wa kwanza, kwa ninavyoona mimi, kulichukua pambano la angani kama somo linaloweza kufundishwa, badala ya kuliacha liwe bahati ya mwenye moyo mgumu.

Agosti 1916 alipita Kovel, upande wa mashariki, alikokuwa kaka yake Wilhelm, akachagua watu. Wawili aliowachukua kule ni hawa: Manfred von Richthofen, Luteni kijana kutoka kikosi cha wapanda farasi, na Erwin Böhme, mtu mzima wa miaka 37. Kikosi kikaitwa Jasta 2, yaani kikosi cha pili cha ndege za kuwinda, kikapiga kambi Bertincourt, karibu na uwanja wa vita wa Somme. Ndege zilikuwa chache mno. Basi kila asubuhi Boelcke aliondoka peke yake kwenda kuwinda, na wanafunzi wakabaki chini wakisubiri. Alipotua walimtazama kidevu. Kikiwa cheusi kwa moshi wa baruti, walijua ametungua. Kisha wakati wa kifungua kinywa anawaeleza hatua kwa hatua: nilimwona hapa, nikapanda hivi, nikasubiri mpaka hapa.

Tarehe 16 Septemba ndege mpya za Albatros zikafika, zenye injini ya nguvu ya farasi 160 na bunduki mbili badala ya moja. Kesho yake, tarehe 17, akawaongoza wanafunzi angani kwa mara ya kwanza kama kikosi. Walipokutana na Waingereza, Boelcke alizunguka juu kwanza, akawaachia vijana nafasi. Siku hiyo Richthofen alipata ushindi wake wa kwanza kati ya ile 80.

Na mwalimu mwenyewe? Kutoka Septemba 2 hadi Oktoba 26 alitungua ndege 21. Lakini mimi, nikiulizwa ni siku gani kubwa katika kazi yake, nitataja ile Septemba 17, aliposubiri.

Kuna sheria moja nimeiacha makusudi, ile ya mwisho. Inahusu kikosi: shambulieni mkiwa wanne au sita, na pambano likivunjika kuwa la mmoja mmoja, angalieni wengi wenu msimfuate adui mmoja. Iweke akilini.

SWALI: Shikamoo babu. Mimi nataka kujua tu alikufaje. Nimeambiwa aliuawa na rafiki yake. Ni kweli? (Msomaji wa miaka 12)

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Hakuuawa kwa maana unayoifikiria, lakini ni kweli rafiki yake alikuwepo, na ni habari ya huzuni. Nitakusimulia polepole.

Ilikuwa Oktoba 28, 1916, jioni. Boelcke alikuwa amekwisha kuruka mara kadhaa siku hiyo. Yeye na Böhme walikuwa wameketi wakicheza sataranji, ulipofika wito kwamba ndege zinahitajika mbele. Wakauacha mchezo, wakaruka, na Richthofen naye akiwamo.

Walikuta ndege mbili za Kiingereza. Boelcke na Böhme wakaifuata moja. Hiyo ndiyo sheria ya mwisho, mjukuu wangu: wawili kwa adui mmoja. Richthofen alikuwa akiifukuza ile ya pili, nayo ikakatiza mbele yao ghafla. Kila mmoja akapinda kuikwepa. Kwa kitambo kidogo mabawa yao yenyewe yaliwafunika wasionane. Magurudumu ya Böhme yakaligusa bawa la juu la Boelcke. Yaligusa tu, hayakugonga. Lakini bawa la ndege zile lilikuwa miti na kitambaa, na kitambaa kikianza kuchanika upepo unakimalizia. Boelcke akaanza kushuka, mwanzoni taratibu, akijitahidi kuishikilia. Kisha akaingia mawinguni na ikazidi kumshinda. Ndege ilianguka karibu na mizinga ya Wajerumani, si mbali na Bapaume.

Miavuli ya kurukia marubani wa Ujerumani hawakuwa nayo mpaka mwaka 1918. Hata hivyo waliomfikia walisema ndege haikusagika kabisa, na mtu angeweza kutoka hai. Ila Boelcke hakuwa amevaa kofia ngumu, na mkanda wake haukuwa umefungwa sawasawa.

Hapa naomba uniruhusu, kwa sababu kazi yangu ilikuwa hiyo hiyo. Miaka 22 nimewafunga watu mikanda. Unapanda kando ya kiti, unavuta wa bega la kushoto, unavuta wa kulia, unabana wa kiunoni, kisha unaingiza vidole viwili chini yake. Vikiingia viwili kwa shida, ni sawa. Vikiingia vitatu, unabana tena. Nilimwachia rubani mmoja aondoke bila kuingiza vidole, kwa sababu alikuwa na haraka, na alikuwa mkubwa kwangu kwa cheo na kwa umri, na nikaona aibu kumgusa mara ya pili. Alitua vibaya, akaruka kitini, akapasuka paji la uso. Alipona. Lakini nilikaa usiku ule nikivitazama vidole vyangu. Kwa hiyo ninaposoma habari ya Oktoba 28 simwoni Boelcke peke yake. Namwona na fundi wake aliyesimama pale wakati wito ulipokuja, sataranji imeachwa mezani, kila mtu anakimbia, na kapteni mashuhuri kuliko wote anapanda kitini. Nani angethubutu kumwambia, "Subiri"?

Mazishi yake yalifanyika kwanza katika kanisa kuu la Cambrai. Richthofen alitembea mbele ya jeneza akibeba mto wenye nishani. Ndege ya Kiingereza ilidondosha shada la maua lenye maandishi kwamba ni kwa kumbukumbu ya Kapteni Boelcke, adui shujaa na muungwana. Shada jingine lilitoka kwa Waingereza waliokuwa mateka, na mmoja wao alikuwa Wilson, yule wa kahawa. Kisha akapelekwa kwao Dessau, akazikwa huko. Desemba mwaka huo kikosi chake kikapewa jina lake, na mpaka leo kipo kikosi cha jeshi la anga la Ujerumani, huko Nörvenich, kinachoitwa Boelcke.

Umeniuliza kama rafiki aliua. Böhme alifanikiwa kutua siku ile, ndege yake ikapinduka kiwanjani. Ndiye aliyeandika habari ya ile sataranji, kwenye barua, na barua yenyewe inaonyesha mtu aliyevunjika. Hakuacha kuruka. Mwaka uliofuata akapewa kuongoza kikosi hicho hicho chenye jina la rafiki yake, akaruka nacho mpaka alipouawa tarehe 29 Novemba 1917.